Redio Iliyoharibika Kila Alhamisi

Mtu akikuambia safari ndefu kuliko zote ni ya Mombasa hadi Busia, muulize kama amewahi kumbeba mama mkwe kutoka Runyenjes hadi Meru kwa gari lisilo na redio. Ni mwendo wa saa mbili tu. Lakini saa mbili za Kiunga zilikuwa na uzito wa gunia la mbolea, na hakuwa na mtu wa kumshikia upande wa pili.

Kiunga alikuwa Mmeru aliyeoa Embu akahamia huko huko, jambo ambalo ndugu zake hawakuchoka kumtania. Alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Runyenjes, mke aliyeitwa Ruguru, mwalimu wa shule ya msingi, na binti mmoja, Kendi, aliyekuwa bweni. Alikuwa pia na Toyota DX ya zamani, nyeupe upande mmoja na karibu nyeupe upande wa pili. Pale redio ilipopaswa kukaa palikuwa na shimo, kwa sababu mwenye gari wa kwanza aliondoka na redio yake. Kiunga aliweka risiti na njugu karanga humo, na kwa miaka sita hakuona pengo. Akisafiri peke yake aliimba. Akisafiri na Ruguru, hakuna aliyehitaji redio.

Kisha yakaja mambo ya macho ya mama mkwe.

Wanjugu, mamake Ruguru, alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa, mkulima wa kahawa na mama wa kanisa. Jicho lake la kushoto lilipotea kabla mtu yeyote hajajua kwamba kuna ugonjwa. Daktari wa macho kule Meru alisema ni presha ya jicho, na kwamba la kulia likiachwa litalifuata la kushoto. Akampa matone, tembe na tarehe: kila Alhamisi ya pili, mara sita, asikose hata moja. Kiunga naye alikuwa akienda Meru Alhamisi hizo hizo kuchukua bidhaa za duka kwa mfanyabiashara mmoja wa Majengo. Wana wa kiume wa Wanjugu walikuwa mbali, na Ruguru hangeweza kuacha darasa. Basi ikaamuliwa bila mkutano kwamba Kiunga ndiye atakayembeba.

Hapa lazima nieleze nthoni, maana usipoijua utadhani watu hawa wamegombana. Nthoni ni heshima na haya zilizofungwa furushi moja. Mtu na mama mkwe wake hawakai kochi moja, hawali wakitazamana, hawatajani majina. Wanjugu alimwita mkwewe baba Kendi. Kiunga alimwita mama mbele yake, na cucu wa Kendi, yaani nyanya yake, akiwa hayupo. Katika miaka kumi na minne ya ndoa, maneno waliyoambiana yangetosha kwenye kadi moja ya Krismasi, na nafasi ya kuweka sahihi ikabaki. Wala haikuwa chuki. Kiunga alimpenda mama huyu sana. Ndiye aliyewanyamazisha wajomba siku ya mahari, walipoanza kusema kwamba Wameru wana hasira za karibu.

Safari ya kwanza, Wanjugu alikaa nyuma ya kiti cha dereva, mahali ambapo hata kioo hakimfikii, mkoba mapajani. Walipofika Chuka, Kiunga alikusanya ujasiri akasema, "Leo kuna baridi."

"Iko," akajibu Wanjugu.

Mazungumzo yakaishia hapo hadi Meru, na kurudi. Safari ya pili hata baridi haikutajwa.

Jioni moja baada ya safari hiyo ya pili, Ruguru alikuja dukani akaketi juu ya gunia la chakula cha kuku. "Mama amesema haendi tena."

"Haendi kwa nini? Na jicho?"

"Anasema barabara ni ndefu. Lakini unajua mama. Kitu anasema kwanza, si hicho."

Kiunga aliwaza akiwa anapima mahindi ya mteja, akawaza hadi akapitisha kipimo. Kama si barabara, basi ni kimya. Nani angetaka kukaa saa mbili ndani ya kimya kile, akisikia hata mkwe wake akimeza mate? Yeye mwenyewe kilimchosha kuliko usukani. Dawa ya kimya ni sauti, na sauti inauzwa. Hapo ndipo alipokosea, ingawa kosa lenyewe lilikuwa na baraka zake.

Alikwenda kwa Gatakaa, muuzaji wa vipuri vya magari yaliyokwisha kufa, aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko.

"Hii ni ya Japani, orijino kabisa," Gatakaa alisema, akiifuta redio vumbi kwa kiwiko.

"Inashika stesheni?"

"Inashika vizuri sana."

Zipi, hakusema, na Kiunga hakuuliza. Redio za magari ya Japani huishia tisini kwenye FM, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo, kwa hivyo redio ile ilikuwa kama mtu mfupi mbele ya rafu ndefu. Tena haikuwa na kidude cha kuongeza sauti. Kilikuwa kimeng'oka, kikabaki kijiti chembamba cha chuma. Gatakaa alisema kitazungushwa kwa koleo tu, akapunguza bei, akaongeza spika moja iliyotolewa kwenye matatu iliyopinduka. Spika ya pili Kiunga aliing'oa kwenye redio kubwa ya sebuleni.

Jumapili baada ya kanisa, mke na mume waliingia ndani ya DX na nguo za kazi. Kiunga alilala chali chini ya dashibodi, miguu nje. Ruguru alishika tochi na tepu nyeusi.

"Maagizo yanasema nini?" Ruguru akauliza.

"Yameandikwa Kijapani."

"Sasa?"

"Waya ni waya."

Ningekuwa pale ningemshika mkono. Redio ya gari ina nyaya tatu za umeme: mweusi wa kufunga kwenye bodi, wa manjano unaotaka moto wakati wote, na mwekundu unaotii ufunguo. Kiunga alizisokota mwekundu na wa manjano pamoja kama kamba ya mbuzi, akazipeleka moja kwa moja hadi kwenye betri. Alichotengeneza, bila kujua, ni redio isiyomtii mtu. Kisha akakata ubao, akatoboa matundu mawili, akazipanga spika nyuma kabisa, chini ya kioo.

"Hapo juu ya kichwa cha mama?" Ruguru akauliza.

"Ndio asikie vizuri."

Walipounganisha, taa ndogo ya kijani ikawaka na Ruguru akapiga makofi kama wanafunzi wake. Redio ilikoroma, ikapiga miluzi, halafu kwaya ikatokea, wazi na tamu. Ruguru akaenda kuleta chai, wakainywa humo ndani ya gari lililosimama uani, milango wazi, kuku wakipita chini. Ruguru alikuwa na alama ya grisi shavuni. Kiunga alimwangalia akaona kwamba hata cucu akikataa kupanda, yeye ameshapata faida yake.

Lakini cucu hakukataa. Aliposikia kwamba gari sasa lina nyimbo za kanisa, akasema sawa, atajaribu mara moja.

Alhamisi hiyo walitoka na kwaya. Kiunga aliona mambo yamekaa sawa, hata akathubutu kupigapiga usukani kwa vidole. Walipovuka mto Thuci, kwaya ikaanza kufifia. Stesheni nyingine ikaisukuma pembeni, nayo ilikuwa na mtangazaji mwenye sauti ya asali na mama mmoja kwenye simu.

"Hebu tuambie, mama," mtangazaji akasema, "mzee wako alikugusa mara ya mwisho lini?"

Yule mama akaambia nchi nzima. Alitaja mwezi. Alitaja sababu. Kisha akaanza kueleza mzee wake alikuwa akifanyaje zamani, alipokuwa bado na nguvu.

Kiunga alinyoosha mkono kutafuta koleo. Koleo lilikuwa limeteleza chini ya kiti. Akajaribu kukizungusha kile kijiti kwa vidole, kikamkata. Akazima gari. Gari likazima, redio haikuzima, na bila kelele za injini yule mama sasa alisikika kama ameketi katikati yao. DX ikateremka yenyewe hadi kando ya barabara. Kiunga akaruka nje, akainua boneti, akachukua spana namba kumi akaufungua waya wa betri.

Kimya kikaja, na mara hii alikipokea kama mgeni wa heshima. Lakini hakuweza kurudi ndani. Angerudije? Alibaki nyuma ya boneti akiitazama betri, uso ukimwaka. Akasikia mlango wa nyuma ukifunguka. Akasikia nyasi. Akajua cucu ameamua kurudi Runyenjes kwa miguu, na akaona kwamba ni haki yake.

Baada ya dakika chache mlango ulifungwa tena, polepole. Kiunga alipoingia, Wanjugu alikuwa mahali pake, umande kwenye pindo la sketi, vipande viwili vya majani ya mgomba vimeganda kwenye sweta.

"Pole sana, mama," Kiunga akasema bila kugeuka.

"Hakuna shida, baba Kendi."

Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeaibika. Ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Kiunga alishangaa hilo hadi Meru.

Kule kliniki daktari, mwanamke kijana mwenye haraka, alimwita pembeni. "Wewe ni mtoto wake?"

"Mimi ni mkwe."

"Sawa, mkwe. Presha ya hilo jicho inapanda na kushuka. Hizi tembe, anameza kweli?"

"Anasema anameza."

"Wote husema hivyo. Shida ni kwamba zinamfanya mtu aende haja ndogo kila saa, kwa hivyo wazee wakiwa na safari wanaziruka. Halafu presha inaruka, na kila ikiruka inakula jicho kidogo. Kilicholiwa hakirudi. Akiendelea hivyo, mwaka mpya utamkuta haoni."

Kiunga alibaki kwenye korido na karatasi ya dawa mkononi, akakumbuka mlango uliofunguka, nyasi, majani ya mgomba. Kumbe tatizo halikuwa kimya. Mwanamke mzima wa Embu hawezi kumwambia mume wa binti yake, "Nisimamishie nijisaidie." Hata kituo cha mafuta hakikufaa, kwa maana pale angelazimika kushuka machoni pa mkwewe na kuwauliza vijana ufunguo wa choo. Kwa hivyo aliziacha tembe, akaacha na maji tangu jana yake, akasafiri na koo kavu kwenda kutibiwa jicho ambalo safari yenyewe ilikuwa inaliua. Kiunga alijisikia vibaya kiasi kwamba mwenye duka wa Majengo alimuuliza kama kuna msiba.

Angemwambia Ruguru? Ruguru angemwambia mamake, na mamake angejua kwamba mkwe wake ameketi mahali akawaza haja yake ndogo. Hangepanda gari hilo tena hadi kiama. La, hili lilikuwa jambo la mtu mmoja.

Wakati wa kurudi, walipofika mahali penye migomba mingi karibu na Igoji, redio ilikuwa inatangaza bei ya maziwa. Kiunga akapiga dashibodi kofi.

"Hii redio nayo!" akasema kwa sauti, bila kumlenga mtu. Akasimama, akainua boneti, akajificha nyuma yake, akaanza kugonga chuma kwa spana, ngo, ngo, ngo, ili aliyeko ndani ajue kwamba fundi yuko kazini na hatoki hivi karibuni. Mlango ukafunguka. Aligonga hadi ukafungwa.

Safari ya nne redio iliharibika mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, kila mara karibu na migomba au mahindi yaliyosimama vizuri. Mara moja, chini kidogo ya Chuka, mwenye boda boda mmoja mwenye roho nzuri alisimama.

"Mzee, ni nini? Wacha nikuangalilie."

"Niko sawa. Enda tu."

"Hapana, siwezi kukuacha hivi." Akainamisha kichwa ndani ya boneti. "Boss, lakini hapa hakuna kitu imeharibika! Waya umeutoa wewe mwenyewe!"

"Imeharibika sana," Kiunga akasema kwa meno yaliyokazwa. "Imeharibika kushinda vile unaona. Tafadhali, ndugu yangu, angalia mlima. Usiangalie upande huo. Angalia mlima uende."

Yule kijana akaondoka akitikisa kichwa, na nadhani hadi leo anawasimulia watu habari za mwendawazimu wa DX.

Daktari alipima jicho akasema presha imeshuka. Safari ya tano ikawa imeshuka zaidi na kutulia. "Ikikaa hivi hadi wiki mbili zijazo," akasema, "hatutagusa hilo jicho kwa kisu. Lakini ikiruka tena, sina la kuahidi." Wanjugu alitoka akitabasamu. Siku hiyo alinunua ndizi mbivu, akamwekea Kiunga tatu kwenye kiti cha mbele bila neno.

Sasa, mke anayekupenda anaweza kukumaliza kwa wema. Jumatano, siku moja kabla ya safari ya sita, Kiunga alifunga duka akamkuta Ruguru uani ameegemea DX, amefurahi hadi masikioni.

"Ingia," akasema. "Washa."

Kiunga akazungusha ufunguo. Redio ikawaka. Akazima, ikazima. Pale penye kijiti palikuwa na kidude kipya cheusi, na stesheni zilikuwa zimejaa, za juu na za chini, hata ya Kimeru cha kwao.

"Ndambiri ameitengeneza yote," Ruguru akasema. Ndambiri alikuwa fundi bora wa redio mjini. "Ameweka na kile kitu cha kuongeza stesheni. Nilikuwa naona haya, Kiunga. Mama anasema redio yako huharibika mara sita kwa safari moja."

"Amesema hivyo?"

"Anasema akicheka. Lakini nimempigia simu nikamwambia asijali, kesho haiharibiki tena."

Kiunga alisema asante. Alisema mara mbili, kwa kuwa ya kwanza haikutoka vizuri, na Ruguru akadhani ni furaha.

Alhamisi ya sita walitoka asubuhi yenye ukungu. Redio iliimba bila kukwaruza. Walivuka Thuci, haikufifia. Kiunga alianza kutokwa na jasho kabla ya Chuka. Kama cucu alimeza tembe asubuhi, wakati wowote sasa anateseka. Kama hakumeza, presha imeshapanda, na jicho linaliwa pale pale nyuma ya mgongo wake huku kwaya ikiimba. Alitafuta uongo mwingine: tairi, maji ya rejeta, mkanda wa feni. Lakini baada ya simu ya Ruguru, kila uongo ulikuwa mwembamba. Akisimama leo, cucu atajua kwamba mkwewe alijua, na kwamba alijua siku zote. Walipita migomba ya Chuka. Walipita daraja la Nithi. Mguu wake ulitaka breki na nthoni ikaukataza.

"Baba Kendi."

Kiunga alishtuka nusura awagonge mbuzi wa watu. Wanjugu alizungumza Kiswahili, si lugha ya nyumbani, na nilivyoona mimi, lugha ya kuazima hupunguza haya, kwa sababu hukuitumia kutukana wala kuomba utotoni.

"Naam, mama."

"Hiyo redio imeharibika."

Kwaya ilikuwa katikati ya ubeti, sauti zote nne zikisikika, hata besi ya mzee mmoja wa nyuma. Kiunga aliisikiliza kidogo.

"Ndiyo, mama," akasema. "Hata mimi nimesikia."

"Itengeneze polepole, usiharakishe. Daktari alisema tembe ni mbili asubuhi." Akaongeza, "Na Igoji itaharibika tena."

Basi alijua. Labda tangu yule wa boda boda apige kelele, labda tangu ile ngo, ngo ya kwanza kabisa. Alijua, akanyamaza, akamwachia mkwewe heshima yake kama mkwewe alivyomwachia yake, na leo ile heshima ilipokosa mahali pa kujificha, yeye ndiye aliyeitafutia. Macho yalimlowa Kiunga. Alikuwa mkwe wa nyumba ile kwa miaka kumi na minne, lakini siku hiyo ndiyo aliyojisikia mtoto wa mama huyu.

Akasimama penye mahindi marefu. Akainua boneti, akashika spana, akaanza kugonga kwa kuifuata kwaya. Mlango wa nyuma ukafunguka, na ile redio nzima ikaendelea kuimba hadi mama aliporudi.